Harmoniki za mita 630 zinampigia jirani mluzi, ila transmita ni safi kwenye kipimo. Tatizo liko wapi?

WayaMrefu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wajuzi wa masafa ya chini naomba mpite hapa.

Niko kwenye bendi ya redio ya ridhaa ya mita 630, yaani 472 hadi 479 kHz, kwa WSPR (ishara za kidijitali za nguvu ndogo) na Morse kidogo. Transmita ni ya daraja D, transista mbili za mosfeti zinazowaka na kuzima kwa zamu kama swichi (sukuma-vuta), na mbele yake kuna kichujio cha kupitisha masafa ya chini chenye vipengele saba. Antena ni L iliyopinduliwa: mita 12 za kupanda, mita 30 za kulala. Chini yake kuna koili, transfoma ndogo ya feraiti ya kuoanisha na omu 50, kisha erthi ya nyaya kadhaa zilizofukiwa. Nguvu inayoingia ni kama wati 24.

Nikifunga mzigo bandia wa omu 50 (rezista badala ya antena), kichanganua spektra kinaonyesha harmoniki ya pili, yaani nakala ya wimbi kwenye masafa mara mbili, iko desibeli 58 chini ya wimbi la msingi. Ya tatu imezama kabisa. Kwa kipimo hicho sina deni na mtu. Lakini jirani ana redio ya mawimbi ya kati, na kila nikirusha kituo chake cha 954 kHz kinaingiwa na mluzi. Redio yangu ya mkononi nayo inaupata palepale. Hesabu yake nyepesi: 475.7 mara mbili ni 951.4, na kutoka hapo hadi 954 ni 2.6 kHz, ndiyo sauti ya mluzi wenyewe.

Niongeze kichujio au kuna kitu nisichokiona?

KoiliKavu

Ongeza kichujio. Daraja D ni wimbi la mraba, ulitegemea nini? Harmoniki ya tatu inazaliwa ikiwa desibeli 9.5 tu chini ya msingi, ya tano 14. Ya pili inatakiwa ijifute kwenye sukuma-vuta, ila mosfeti mbili zikipishana kidogo tu kwenye muda wa kuwaka na kuzima, hiyo hapo. Weka vipengele tisa, uzi ufungwe.

Fundi_Mstaafu

Mkuu KoiliKavu, taratibu. Mleta uzi kashasema ana desibeli 58. Kanuni za kimataifa za redio, kwa huduma ya ridhaa chini ya 30 MHz, zinadai 43 + 10 log ya nguvu, au desibeli 50, ile iliyo nafuu kati ya hizo. Kwa wati 24 hesabu ya kwanza inatoa karibu 57, kwa hiyo anadaiwa 50 na ana akiba ya 8. Marekani wanataka desibeli 43 kwa transmita za chini ya 30 MHz zilizofungwa baada ya Januari 1, 2003. Kote huko anapita.

Shida ni kwamba namba zote hizo zinahusu kinachotoka kwenye tundu la transmita. Hazijui nyuma yake umefunga antena ya namna gani, na antena za masafa ya chini zina vituko vyake.

Tazama. Kwenye 475.7 kHz wimbi moja lina urefu wa mita 630, robo yake karibu mita 158. Yeye ana mita 12 za kupanda. Ukinzani wa mnururisho wa waya huo (ile sehemu ya ukinzani inayogeuza nguvu kuwa mawimbi) ni kama nusu omu. Erthi na koili kwa pamoja zinakula omu 30 hadi 40, tuseme 35. Kati ya wati 24 anazoingiza, theluthi ya wati ndiyo inayoruka, zilizobaki zinapasha udongo joto. Theluthi hiyo, ukiizidisha kwa 3 ambayo ndiyo faida ya antena fupi ya wima juu ya ardhi, inakupa wati 1 ya EIRP (nguvu inayoruka ikihesabiwa pamoja na faida ya antena). Ndicho kiwango cha bendi hii tangu mkutano wa dunia wa redio wa 2012 (kuna ruhusa ya kufika wati 5 kwa baadhi ya nchi, kutegemea umbali kutoka mipaka fulani).

Sasa panda kwenye harmoniki. Ukinzani wa mnururisho unakua kwa mraba wa masafa. Kwenye 951 kHz ile nusu omu inakuwa karibu omu 2, na kwenye 1427 kHz inapita 4. Ikiwa erthi haijabadilika sana, kila miliwati ya harmoniki ya pili inayofika kwenye waya inaruka vizuri mara 4 kuliko miliwati ya wimbi la msingi, na ya tatu mara 9. Antena inayokunyima kwenye masafa yako inawapa bure wageni wasioalikwa.

KoiliKavu

Si ndicho nilichosema? Kichujio.

DadaDesibeli

Hapana kaka, Fundi katoa nusu moja ya hesabu. Nusu ya pili inageuza kibao.

Waya wa mita 42 kwa jumla, kwa antena ya aina hii, ni kama kapasita ya 250 pF. Kwenye 475.7 kHz hiyo ni omu 1,340 hivi za upande wa kapasita. Koili ya mikrohenri 450 inazifuta zote, ndipo unabaki na omu 35 na mkondo unapita. Ukienda 951 kHz, koili ileile inakuwa na omu karibu 2,690, wakati kapasita imeshuka hadi 670. Zinabaki omu 2,000 na ushei ambazo hakuna wa kuzifuta. Kutoka 35 kwenda 2,000 ni desibeli 35 za mkondo.

Kwa hiyo antena fupi yenye koili ni kichujio chenyewe. Chukua 58 za transmita, ongeza 35 za koili, unapata 93. Rudisha 6 kwa sababu harmoniki inaruka vizuri zaidi, zinabaki 87. Kwenye theluthi ya wati, desibeli 87 chini ni chini ya nanowati moja. Jirani hawezi kusikia nanowati moja kwenye redio ya mawimbi ya kati, hata aikumbatie antena yako.

Maana yake, mluzi upo lakini haupitii njia ambayo kila mtu anaifikiria kwanza.

Fundi_Mstaafu

Hapo sawa kabisa, naongeza tahadhari mbili tu.

Kwanza, kichujio kilichopimwa kwenye omu 50 hakijui utakachokifunga mwisho wake. Kwenye 951 kHz kinaona omu 2,000, ni kama mwisho uko wazi. Volti ya harmoniki inaweza kupanda maradufu, na ikitokea urefu wa koaksia (kebo yenye ngao inayokwenda kwenye antena) na kapasita ya mwisho vimepatana vibaya, zaidi ya hapo. Toa desibeli 10 nzima kwa ajili ya hilo. Bado jirani hasikii.

Pili, koili haibaki kuwa koili milele. Mizunguko yake ina kapasita kati yao. Ya mita 630, mikrohenri 450 na tuseme 10 pF za pembeni, inageuka kuwa kapasita juu ya 2 MHz, kwa hiyo mleta uzi yuko salama kwa harmoniki ya pili, ya tatu na ya nne. Lakini wenzetu wa mita 2200, bendi ya 135.7 hadi 137.8 kHz, wanafunga koili za milihenri 4 au 5. Koili ya milihenri 4.5 yenye 20 pF inageuka kwenye 530 kHz hivi. Kuanzia harmoniki ya nne, 544 kHz, ambayo ipo tayari ndani ya mawimbi ya kati, koili hiyo ni kapasita tupu. Bado inazuia, ila si kwa hesabu rahisi ya DadaDesibeli. Watu wa 136 kHz msiichukue hesabu ile kama ilivyo.

SikioUsiku

Mimi si mrushaji, ni msikilizaji wa mawimbi ya kati wa siku nyingi. Niulize kitu: mluzi uko kwenye 951 peke yake au ukizungusha redio unaukuta kila mahali?

Nauliza kwa sababu redio nyingi za mtindo wa zamani zina masafa ya kati ya ndani (IF, ambayo kila kituo hugeuziwa kabla ya kukuzwa) ya 455 kHz, na nyingine zinafika 465 au 470. Mleta uzi anarusha 475. Akiwa karibu, wimbi lake linaweza kuingia moja kwa moja kwenye tumbo la redio bila kupitia mlango. Hapo harmoniki inasingiziwa tu.

WayaMrefu

Swali zuri sana mkuu. Nimezungusha yote. Mluzi uko 951 kwa nguvu, na hafifu kwenye 1427. Kwingine kimya. Redio ya jirani vilevile.

Fundi_Mstaafu

Basi masafa ya ndani tunayaondoa. Wamebaki watuhumiwa watatu: redio yenyewe inazidiwa na kutengeneza harmoniki ndani yake, chuma chenye kutu huko nje kinafanya kazi ya diodi, au harmoniki inatoka kwako kupitia ngao ya koaksia na waya wa umeme, si kupitia antena.

Usidharau wa kwanza. Kwa wati 1 ya EIRP, ukiwa umbali wa mita 30, uga wa wimbi la msingi kwa hesabu ya mbali tu ni 0.18 V/m, na hapo bado uko kwenye uga wa karibu ambako thamani halisi huwa juu zaidi. Redio inayozoea milivolti chache kwa mita inapigwa na kitu kikubwa mara mia.

Kuwatenganisha fanya hivi. Chukua kipokezi chenye tundu la antena, funga antena ndogo ya kitanzi, kisha weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati yake. Kama alama ya 951 inashuka desibeli 10, hiyo ishara ipo hewani kweli. Ikishuka karibu 20, inatengenezwa ndani ya kipokezi. Ya tatu ingeshuka 30. Wenye vijiti vya SDR (vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta) wawe macho zaidi, vile vitu vinazidiwa haraka na vitakuonyesha msitu wa harmoniki ambazo hazipo.

Ukishathibitisha ipo hewani, punguza volti ya umeme wa mosfeti iwe nusu. Katika daraja D, volti ikishuka nusu, msingi unashuka desibeli 6 na harmoniki za transmita zinashuka 6 vilevile, kwa sababu umbo la wimbi halijabadilika. Lakini harmoniki ya pili inayozaliwa kwenye kiungo chenye kutu itashuka karibu 12, na ya tatu karibu 18.

DadaDesibeli

Neno "karibu" hapo lina uzito. Sheria ya mraba (msingi ukishuka 6, ya pili inashuka 12) inashika pale volti kwenye kiungo ni ndogo. Kama kutu inapata volti kadhaa na kupitisha waziwazi, mteremko unalegea. Ukipata 9 au 10 usikate tamaa, ila ukipata 6 kamili geuka utazame transmita yako.

Mgeni80

Samahani kuingilia. Mimi ni mgeni, natumia FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali kupitia kompyuta) kwenye mita 80. Kwenye maporomoko ya skrini, ile picha ya masafa inayotiririka, kuna mtu sauti yake iko 600 Hz na naiona tena 1200 na 1800. Hiyo ndiyo harmoniki mnayoizungumzia?

DadaDesibeli

Karibu mgeni. Hapana, hiyo ni ya sauti. Kompyuta yake inasukuma sauti kubwa mno kuingia redioni, sauti inakatwa vichwa, na nakala zake zinaangukia ndani ya dirisha lilelile la 3 kHz. Dawa ni kushusha sauti na kutumia toni za juu ya 1500 Hz, ili nakala ya pili iangukie nje ya kichujio cha redio. Hapa tunazungumzia nakala za masafa yote ya redio, mara mbili, mara tatu. Yako ya mita 80 inafika kwenye mita 40, tutarudi kwako.

WayaMrefu

Nimerudi na majibu.

Kipunguza nguvu cha desibeli 10: alama ya 951 imeshuka 10. Kwa hiyo ipo hewani.

Volti nusu: 951 imeshuka kama 11. Ile ya 1427 ni hafifu, siwezi kuapa, ila imeshuka zaidi ya hiyo.

Fundi_Mstaafu

Basi transmita yako tumwachie huru kwa 951. Kuna kitu nje kinakula wimbi lako la msingi na kulitapika mara mbili. Tafuta vyuma viwili vinavyogusana bila kushikana: mifereji ya mabati, uzio wa waya, minyororo, nguzo ya antena ya zamani ya televisheni, nyaya za kuanikia nguo, vibano vya erthi vilivyoota chokaa ya kijani. Shaba na chuma, aluminiamu na chuma, hasa penye unyevu. Oksidi katikati yao ndiyo diodi.

Tembea na redio ya mkononi ukiwa umeweka 951, mwenzako akirusha Morse polepole. Usiamini mwelekeo wa fimbo ya feraiti ndani ya mita 50, maana kwenye 951 kHz uga wa karibu unafika huko na fimbo inadanganya. Fuata ukubwa wa mluzi tu. Ukifika unapodhani ndipo, gonga chuma kwa mti mkavu. Ukisikia mluzi unakwaruza au unakatika, umempata.

KoiliKavu

Nakubali nimejifunza. Ila bado sielewi kipande cha bati kinarushaje hadi kwa jirani.

DadaDesibeli

Mfereji wa mita 10 uliounganika na uzio wa mita 20 ni antena sawa na ya mleta uzi, tena haina koili ya kuizuia harmoniki. Uko ndani ya uga wa karibu wa waya wake, kwa hiyo unapokea msingi kwa wingi. Diodi iko katikati yake. Kila kitu anachohitaji mtu kutengeneza kirudufu cha masafa kimekamilika, amekosekana mwenye leseni tu.

WayaMrefu

Nimempata! Bomba la kushusha maji ya paa limeegemea uzio wa waya, na pale linapogusa kuna kutu ya kutosha. Nikikaribia na redio mluzi unajaa, nikigonga kwa mpini wa fagio unakatika na kurudi. Mke wangu alikuwa kwenye kitufe cha Morse, amecheka sana kuniona napiga bomba huku nimeshika redio sikioni.

Nimeingiza kipande cha plastiki nene katikati na kufunga visigusane. Mluzi wa 951 umekufa. Jirani naye amethibitisha. Niunganishe kwa waya mzito badala ya kutenga, ipi bora?

Fundi_Mstaafu

Zote mbili zinafanya kazi, ukiunganisha unganisha kweli: safisha hadi chuma king'ae, funga kwa boliti na kibano, paka grisi. Muunganiko wa nusu nusu utaota kutu tena mvua zikija na utarudi hapa. Mimi hutenga ninapoweza. Na mvua yenyewe ni kipimo: tatizo linalobadilika tabia baada ya kunyesha karibu kila mara ni kiungo, si transmita.

WayaMrefu

Asante mkuu. Sasa ile ya 1427 bado ipo, hafifu, naisikia nikiwa karibu na koaksia na kwenye soketi za ukutani.

DadaDesibeli

Ya tatu peke yake, bila ya pili: natazama ile transfoma ndogo ya feraiti. Kiini kinaposhiba kwenye ncha zote mbili za wimbi, kinazaa harmoniki za namba witiri, ya 3, ya 5, na kadhalika. Na kinazaa baada ya kichujio chako, kwa hiyo hata ungeweka vipengele tisini visingesaidia. Kwenye mzigo bandia hukuiona kwa sababu uliitoa, si ndiyo?

WayaMrefu

Ndiyo. Mzigo bandia unafungwa kwenye tundu la transmita, transfoma iko kwenye sanduku la antena. Kiini chenyewe kilitoka kwenye transfoma ya mita 40.

DadaDesibeli

Ndiyo hapo. Kwa volti na mizunguko ileile, msongo wa sumaku ndani ya kiini unapanda kadiri masafa yanavyoshuka. Kutoka 7.1 MHz hadi 475 kHz ni mara 15. Kiini kilichokuwa kimelala kule, hapa kinakimbizwa. Bandika viini viwili au vitatu pamoja, ongeza mizunguko, na uchague feraiti ya masafa ya chini. Ukirusha dakika mbili za WSPR kisha ukagusa kiini (zima kwanza!) ukakuta kina moto, jibu unalo.

Na kwa kuwa unaisikia kwenye soketi, ifanye transfoma hiyo iwe ya kutenga: vilima viwili visivyogusana, ngao ya koaksia upande mmoja, erthi ya antena upande mwingine. Sasa hivi ngao yako, chasisi ya transmita na waya wa umeme wa nyumba nzima ni sehemu ya erthi ya antena. Omu zako 35 zinagawana mkondo na nyaya za ukutani, na nyaya hizo hazina koili ya kuizuia harmoniki yoyote.

Fundi_Mstaafu

Hilo la kutenga ningelifanya hata pasipo na harmoniki. Linapunguza pia kelele unazopokea, njia ni ileile kwenda na kurudi.

SikioUsiku

Kwa sisi tusiorusha: kumbe nikisikia mluzi si lazima aliye na mnara ndiye mkosaji?

Fundi_Mstaafu

Wimbi ni lake, kiungo kinaweza kuwa chako. Kisheria mnaweza kubishana, kiutendaji nendeni mkatafute pamoja.

KoiliKavu

Sawa, nimeshindwa kwa heshima. Ila kuna wanaosoma hapa ambao hawana kichujio kabisa, wataondoka wakidhani hakihitajiki kwa kuwa koili inasaidia. Wekeni thamani.

Fundi_Mstaafu

Hoja ya msingi. Kichujio kwanza, mengine baadaye. Cha vipengele saba aina ya Chebyshev, mkunjo wa 0.1 dB, omu 50, mwisho wa kupitisha 520 kHz: kapasita za pembeni 7.2 nF, koili za pembeni mikrohenri 21.8, kapasita mbili za ndani 12.8 nF, koili ya katikati mikrohenri 24.1. Kwa nadharia harmoniki ya pili inakatwa desibeli 51. Cha vipengele vitano kikikatwa palepale kinakupa 30 hivi, ndiyo maana kwa daraja D sikipendi.

Kapasita ziwe za polipropilini, mika au seramiki aina ya C0G. Zile seramiki za X7R thamani yake inabadilika na volti, zitazaa harmoniki ndani ya kichujio chenyewe, kichekesho kweli. Koili ziwe juu ya viini vya unga wa chuma, si feraiti ya kubahatisha, na zilizo jirani zisielekeane, la sivyo ishara inaruka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho bila kugusa katikati.

Mgeni80

Mliahidi kunirudia. Antena yangu ni nusu wimbi ya mita 80 inayolishwa mwishoni, ile ya transfoma ya 49 kwa 1. Naipenda kwa sababu inafanya kazi 80, 40, 20 hadi 10 bila kioanishi. Nifanye hesabu ileile ya koili?

DadaDesibeli

Huna koili, ndugu yangu, ndiyo habari mbaya. Sifa unayoipenda ndiyo hatari yenyewe. Ukirusha 3573 kHz, harmoniki ya pili ni 7146, katikati ya mita 40. Ya nne ni 14292, kwenye mita 20. Antena yako inaitika kote huko na kumpa kichujio omu 50 safi. Zile desibeli 35 alizopewa bure mleta uzi wewe huna hata moja. Tena urefu uleule juu ya ardhi, ukiupima kwa mawimbi, ni mara mbili kwenye mita 40, kwa hiyo harmoniki inaondoka kwa pembe ya chini na kwenda mbali kuliko unavyodhani.

Na usitegemee kioanishi kikuokoe. Vingi vya sokoni ni umbo la T, kapasita mbili na koili kwenda ardhini. Umbo hilo linapitisha masafa ya juu vizuri sana. Ukitaka kioanishi kinachosaidia, kiwe cha L chenye koili kwenye njia na kapasita kwenda ardhini, au cha pai.

Mgeni80

Lakini sijawahi kuambiwa na mtu kuwa nasikika kwenye mita 40.

Fundi_Mstaafu

Hutaambiwa. Toni za FT8 zinaachana 6.25 Hz. Zikizidishwa mara mbili zinaachana 12.5, na hakuna programu itakayozifasiri. Wanakuona kama mchirizi mpana wa ajabu kwenye skrini wanapita. WSPR ni hivyo hivyo. Mtu wa Morse ndiye anayeumbuka, maana Morse mara mbili ni Morse ileile na jina lako la kituo linasomeka vizuri tu.

Mgeni80

Napimaje sasa? Nina redio ya wati 100 na kichanganua spektra kidogo cha mkononi.

DadaDesibeli

Usikifunge moja kwa moja, utakiua. Tengeneza kitoa sampuli: mzigo bandia unaohimili wati 100, na pembeni yake, kutoka kwenye waya wa katikati, rezista za jumla ya omu 4,950 kwenda kwenye kichanganuzi cha omu 50. Tumia kadhaa ndogo kwa mfuatano, zisizo za waya wa kuzungushwa. Kwa pamoja zitakula wati 1 hivi. Hiyo ni desibeli 40 chini. Wati 100 ni +50 dBm (desibeli juu ya miliwati 1), kwa hiyo kinakuja +10 dBm, bado kikubwa. Ongeza kipunguza nguvu cha desibeli 30 ufike −20.

Kisha kabla ya kuamini unachokiona kwenye 7146, ongeza desibeli 10 nyingine. Harmoniki ikishuka 10 pamoja na msingi, ni yako. Ikishuka 20, ni ya kichanganuzi.

Halafu rudia kipimo kwenye antena, si kwenye mzigo tu. Pitisha waya wa antena ndani ya kiini cha feraiti chenye mizunguko 20 ya waya mwembamba iliyofungwa na rezista ya omu 50, mwisho wake kwenye kichanganuzi, kupitia kipunguza nguvu kilekile. Linganisha na ulichopata kwenye mzigo. Kwa antena ya mleta uzi harmoniki itakuwa imeporomoka. Kwa yako sitarajii iporomoke.

WayaMrefu

Nimebadilisha transfoma: viini vitatu, vilima vimetengana. Ya 1427 sasa naisikia nikiigusisha redio kwenye sanduku la antena tu, kwenye soketi hakuna kitu. Mgeni80 ukipata majibu ya mita 40 yaweke hapahapa, usifungue uzi mwingine.